Neno "check" lina maana ngapi hasa, na lilianzia wapi?

#1 Ticha wa Zamu
Wakuu, salaam. Juzi jioni mwanangu wa darasa la sita kaniletea sentensi nne za kitabu cha Kiingereza, zote zina neno "check", anataka Kiswahili chake. Ya kwanza nikamwambia kagua. Ya pili mtu analipa kwa "check", nikasema hundi. Ya tatu mtu kavaa shati la "check", nikasema drafti. Ya nne watu wawili wanacheza chesi, mmoja anamwambia mwenzake "check!" Hapo nikamwambia subiri nimalize kula.

Mimi nafundisha hesabu, Kiingereza changu ni cha kujazia fomu za mkopo. Usiku nikatoa salari slipu nione makato, nakutana nalo tena: cheki namba, ile namba yangu ya utumishi serikalini. Miaka kumi na sita naiandika ile namba kwenye kila fomu na sijawahi kujiuliza inacheki nini.

Swali: hili ni neno moja lililozaa, au ni maneno manne yaliyofanana sura kama mapacha wa kuokota? Anayejua aseme, mtoto anasubiri.

#2 Siti ya Dirishani
Nimekaa. Kahawa inapita saa ngapi?

#3 Shaha wa Raskazone
Ni neno moja, mwalimu. Na anza na hiyo ya nne uliyoikimbia, maana ndiyo mama yao.

Waajemi walikuwa na mchezo walioupokea kutoka India. Wahindi waliuita chaturanga, yaani jeshi la viungo vinne: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Waajemi wakasema chatrang, Waarabu wakasema shatranj, sisi tukasema sataranji. Mfalme kwenye ubao ni shah. Ukimtishia unamwambia mwenzako "shah!", yaani mfalme wako huyo, mwangalie. Neno likapita kwa Waarabu likaingia Ulaya, kwenye Kilatini likawa scaccus, Kifaransa cha zamani eschec, Waingereza wakalikata kichwa likabaki "check". Hata "chess" yenyewe ni wingi wa neno hilohilo: wafalme, basi.

Kutoka hapo panda ngazi. Mfalme akitishiwa mchezo unasimama mpaka aokolewe, ndipo "check" ikawa kuzuia, kusimamisha. Anayekuzuia anakuangalia kama umefanya sawa, ikawa kukagua. Ubao wa sataranji una vyumba vyeusi na vyeupe, ikawa kitambaa cha drafti. Hundi nayo ina safari yake, wenye benki watakuja.

#4 Mvita Halisi
Ahsante Shaha. Na jina lako lenyewe ni ushahidi. Shaha kwa Kiswahili ni yule mfalme wa sataranji, na ni mkuu wa washairi pia, shaha wa malenga. Kwa hiyo mtoto wa Ticha amwambie mwalimu wake neno "check" tunalo tangu zamani, tena sisi hatukulikata kichwa wala mkia.

#5 Pemba Kwetu
Na shaha ya mnazi je? Mnazi ukiangushwa, kile kiini cheupe cha kileleni, kitamu kama karanga mbichi, ndicho shaha. Nacho kimetoka kwa mfalme wa Uajemi?

#6 Shaha wa Raskazone
@Pemba Kwetu hapo umenipa shah. Kipo juu kabisa, pengine watu walikiona kama mfalme wa mti. Pengine ni neno jingine kabisa la Kiarabu, maana wao kiini cha mtende wanakiita shahm, mafuta ya mti. Siweki mkono kitabuni.

#7 Gereji ya Kona
Hamjaitaja "check" muhimu kuliko zote: taa ya cheki injini. Wateja wangu wanaijua hiyo tu. Mtu anakuja na gari linatoa moshi kama tanuri la chokaa, namuuliza taa imewaka lini, anasema "tangu Pasaka, ila imeandikwa check tu, nikajua ni ushauri".

#8 Siti ya Dirishani
😂😂 Ushauri!

#9 Karani Mstaafu
Habari zenu. Nimekaa kaunta ya benki miaka ishirini na saba, ruhusuni nieleze hundi.

Karatasi ile haikuzaliwa na jina hilo. London ipo ya mwaka 1659, ya pauni 400, imeandikwa kwa mkono, mtu anamwagiza mwenye fedha zake amlipe fulani. Enzi hizo ilikuwa barua ya kuagiza malipo tu. Jina "check" linaanza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 1700, na kwanza halikuwa jina la karatasi unayoipeleka benki, lilikuwa la kishina kinachobaki kwenye kitabu. Kishina ndicho kilichokuwa "check", kwa sababu ndicho cha kukagulia kama karatasi iliyoletwa ni ya kweli au ya kughushi. Baadaye jina likahama kutoka kishinani kwenda kwenye karatasi yenyewe.

Kuandika "cheque" kwa q ni mapambo ya Waingereza, wakifuatisha "exchequer", jina la hazina yao. Wamarekani wakabaki na "check" ile ile. Sisi tuliwakwepa wote wawili tukachukua hundi ya Wahindi, maana wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakitumiana hundi kwenye bahari hii zamani kabla benki ya Mzungu haijapaka rangi mlango wa kwanza Unguja.

#10 Muscat Express
Mzee Karani, shikamoo, lakini nakupinga. Hundi ya Mzungu imetoka kwa Waarabu moja kwa moja, haina haja ya kupitia kwenye sataranji. Kiarabu kuna neno sakk, hati ya deni au ya malipo. Wingi wake sukuk, neno ambalo sasa hata Dar na Unguja watu wanalisikia kwenye matangazo ya hatifungani. Msafiri Ibn Hawqal, karne ya 10, anaeleza kuwa aliona sakk ya dinari 42,000 kule Awdaghust, kusini mwa Sahara, deni la mtu wa pale kwa mfanyabiashara wa Sijilmasa, mji wa kaskazini mwa jangwa. Dinari elfu arobaini na mbili, kwenye karatasi, jangwani! Wakati huo Ulaya walikuwa wanafanya nini?

Sakk, chak, check. Sikiliza mwenyewe.

#11 Karani Mstaafu
Marahaba kijana. Habari ya Ibn Hawqal ni ya kweli, na sakk ilikuwa kazi kubwa kabla ya London kujua benki ni kitu gani. Lakini kitu kuwatangulia na jina kutoka kwao ni kesi mbili. Maana ya kuzuia na ya mfalme kutishiwa zimo kwenye Kiingereza tangu karne ya 14, karatasi imekuja kuitwa hivyo karne nne baadaye, kupitia kishina. Ukiiruka hiyo hatua ya kishina utatueleza nini?

Na wewe uko Muscat. Leo ukiingia benki hapo unaomba sakk au shik?

#12 Muscat Express
Shik. Ila hiyo ni kwa sababu tumeuziwa bidhaa yetu wenyewe ikiwa na nembo mpya, kama khanga.

#13 Binti wa Kisutu
Khanga imeingiaje jamani 😂

#14 Nai Mtaa wa Pili
Maze mnaongea vitu kubwa. Huku kwetu "cheki" ni kuangalia tu. Cheki hiyo ndai. Nitakucheki jioni. Tucheki mechi. Hakuna mfalme wala kishina. Nilikuwa najua ni Sheng original kumbe tulikopa kwa Muajemi.

#15 Ticha wa Zamu
Nawashukuru. Karani, umegusa "exchequer". Kuna siku nimelipa ada ya mtihani kwa kontro namba, risiti imetoka juu imeandikwa "Exchequer Receipt", chini yake Stakabadhi ya Malipo ya Serikali. Hiyo nayo imo kwenye ukoo?

#16 Karani Mstaafu
Imo, tena ni shangazi mkubwa. Uingereza ya karne ya 12 ofisi ya mapato ya mfalme ilikuwa ni meza. Mweka hazina mmoja, Richard FitzNeal, aliandika kitabu kizima kueleza inavyofanya kazi, kwa Kilatini, akianza kama mwaka 1177. Anasema meza ina urefu wa futi kumi hivi na upana wa futi tano, ina kingo pembeni vitu visianguke, na juu yake wanatandika kitambaa chenye mistari. Kwenye safu za mistari wanapanga vihesabio: hapa peni, pale shilingi, kule pauni, mbele zaidi pauni ishirini-ishirini na mamia ya pauni. Hesabu inafanyika waziwazi, hata asiyejua kusoma anaona. Kitambaa kilifanana na ubao wa sataranji, kwa Kilatini scaccarium, Kifaransa eschequier. Hiyo "ex" ya mbele wameipachika baadaye wakidhani neno ni la Kilatini cha kweli.

Wanaoletwa mezani ni wakusanyaji wa kodi wa majimbo, masherifu, sisi tungesema maliwali. Wanatetemeka kama mteja mwenye hundi ya kughushi.

#17 Mvita Halisi
Sherifu ni sharifu yetu hii? Maana na huyo naona katoka kwetu.

#18 Karani Mstaafu
Hapana bwana, usiwaongezee ukoo. Sheriff ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyoungana, jimbo na msimamizi. Sharifu wetu ni wa Kiarabu na hakusanyi kodi.

#19 Shaha wa Raskazone
Naomba nimwongezee Karani hapo kwenye meza. FitzNeal mwenyewe anatoa sababu mbili za jina. Moja ni kitambaa. Ya pili anasema ni kwa sababu pale mezani ni vita: mweka hazina upande huu, liwali upande ule, mmoja anashambulia mwingine anakinga, na wengine wamekaa kama waamuzi, watazame na kuhukumu. Kwa hiyo hata mtu aliyekuwa akifanya kazi pale pale, miaka zaidi ya mia nane iliyopita, hakutupa jibu moja. Sisi tunagombana nini?

#20 Nai Mtaa wa Pili
Huku Kenya bado hiyo vita iko. Mshahara wa kaunti ukichelewa unaambiwa "exchequer haijatoka". Juma lingine, haijatoka. Sasa najua ni meza. Meza haijatoka.

#21 Siti ya Dirishani
Meza haijatoka 😂😂 naomba hii iwekwe kwenye fulana, iwe ya drafti.

#22 Gereji ya Kona
Hapo kwenye drafti ndipo nilipokuwa nasubiri. Kwa nini sisi kitambaa cha vyumbavyumba tunakiita cha drafti? Mimi nilijua ni kwa sababu ya ubao wa drafti pale kijiweni, ule wa vizibo vya soda.

#23 Binti wa Kisutu
Ndivyo. Na hapa nina la kuwashangaza, nimelifikiria tangu post #3. Mchezo wetu wa drafti Waingereza wanauita "draughts", Wamarekani wanauita "checkers". Haya. Benki kuna karatasi inaitwa "check" na kuna nyingine inaitwa "draft". Yaani maneno yaleyale mawili yanakutana kwenye ubao, halafu yanakutana tena benki! Nimesoma uhasibu na hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha hili.

#24 Karani Mstaafu
Binti, hongera, mimi pia nimekaa nazo zote mbili mkononi na sikuona. Lakini sababu zake ni mbili tofauti. "Draft" na "draught" ni neno moja lililoandikwa njia mbili, asili yake ni kuvuta. Kwenye mchezo unavuta kete. Kwenye benki unavuta fedha kutoka kwa mwenye kuzitunza, na anayeandika hundi anaitwa "drawer", mvutaji. Kwa hiyo jamii ya drafti imefika benki kwa kuvuta, jamii ya "check" imefika kwa kukagua. Wamekutana kama wasafiri wawili kwenye gesti moja, hawana undugu.

Na hiyo "drawer" imenikumbusha. Hundi ikikosa fedha zamani tulikuwa tunaipiga muhuri "Refer to drawer", maana yake kamuulize aliyeiandika. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa mkaa, akarudishiwa hundi yake na muhuri ule. Alirudi siku ya tatu amefura. Akaniambia: "Nimefungua droo zote za nyumbani, nimefungua droo za dukani, nimemfungulia mwanangu droo lake la daftari. Hamna kitu. Sasa fungua la kwako." Na akanyoosha kidole kwenye droo langu pale kaunta. Nikalifungua. Mlikuwa na chapati yangu.

#25 Siti ya Dirishani
Uzi umekufa hapa, tuzikeni 😂

#26 Mvita Halisi
Huku pwani wazee wengine drafti wanaiita dama. Halafu kete ikifika mwisho inakuwa kingi. Je, "kuingia kingi" mnavyosema nyinyi wa bara, mtu kuingizwa mjini, si kutoka hapo?

#27 Gereji ya Kona
Kutoka hapo kabisa. Unamlisha mwenzako kete mbili bure, anafurahi, kumbe umeshamfungulia njia kingi wako amfagie ubao mzima. Ameingia kingi.

#28 Kilele cha Uluguru
Si kweli. Kuingia kingi ni kwenye mpira, beki anaingia na kingi, ile nguo ya mguu, anakosa mpira. Tulisema hivyo utotoni Morogoro na hakuna aliyekuwa anajua drafti.

#29 Gereji ya Kona
Nguo ya mguu inaitwa kingi wapi? Acha chai.

#30 Kilele cha Uluguru
Kingi ni kukinga mguu. Muulize yeyote aliyecheza chandimu.

#31 Ticha wa Zamu
Hilo lianzishiwe uzi wake tafadhali. Turudi. Mat ya "checkmate" inatoka wapi? Mtoto ameniuliza tena asubuhi, sasa ana kiu.

#32 Muscat Express
Rahisi. Shah mat, mfalme amekufa. Mata kwa Kiarabu ni amekufa, ndiyo hiyo mauti na maiti zenu za Kiswahili.

#33 Shaha wa Raskazone
Hiyo ndiyo inayopendwa, na inapendeza masikioni. Lakini wengine wanasema ni ya Kiajemi, mat kwa maana ya aliyekwama, aliyeduwaa, hana pa kwenda. Na ukitazama mchezo wenyewe, mfalme hauawi kamwe. Hakuna anayemtoa ubaoni. Amezungukwa tu, hana chumba cha kuhamia, mchezo umeisha. Mimi naegemea huku. Waarabu waliposikia mat, masikio yao yakasikia mata, wakamzika mtu aliyekuwa hai.

#34 Muscat Express
Mfalme asiyekuwa na pa kwenda, asiyekuwa na askari, ana tofauti gani na maiti?

#35 Pemba Kwetu
Tofauti ni kuwa maiti hatumdai.

#36 Minnesota Baridi
Nasalimu kutoka theluji. Nimesoma uzi wote nikiwa zamu ya usiku. Mnaongea wafalme, mimi neno hili limenivua nguo hadharani.

Safari yangu ya kwanza huku, nimebadilisha ndege mara mbili, niko getini la mwisho na begi dogo la kuingia nalo ndani. Dada wa kaunta, mwema kabisa, anatabasamu, ananiambia "Would you like to check your bag, sir?" Mimi nikasikia: ungependa kukagua begi lako? Nikajiambia huenda wameona kitu. Nikasema ndiyo, nikaliweka sakafuni, nikafungua zipu.

Nikatoa mfuko wa dagaa wa Mwanza, shangazi alikuwa ameufunga kwenye gazeti na magazeti matatu juu yake, harufu haikujua magazeti. Nikatoa pilipili ya chupa. Nikatoa khanga mbili za zawadi. Dada anasema "No no sir, I mean check it." Nikasikia amesisitiza, kumbe bado hajaridhika. Nikafungua mfuko wa pembeni. Nyuma yangu foleni ya watu arobaini. Mzee mmoja wa Kisomali ndiye aliyenisaidia, akaniambia kwa Kiswahili cha Eastleigh: "Kijana, anataka kuliweka chini ya ndege, hataki kuona samaki yako."

Na hapo sijawaambia ya mgahawani. Huku bili ya chakula nayo ni "check". Mhudumu akaniuliza kama nilikuwa tayari kwa "check", nikamwambia sina akaunti ya hundi, nitalipa taslimu.

#37 Binti wa Kisutu
Dagaa kwenye geti la ndege. Pole kaka, nimecheka mpaka bosi amechungulia.

#38 Nai Mtaa wa Pili
Na "rain check" umekutana nayo?

#39 Minnesota Baridi
Nimekutana. Nilimwalika msimamizi wangu kwenye pilau ya Idi, akasema anachukua "rain check". Nikadhani huku kuna posho ya mvua. Kumbe ni udhuru: leo siwezi, niwekee siku nyingine. Wenyewe wakanieleza ni kutoka kwenye besiboli, miaka ya 1880 huko: mvua ikivunja mchezo, kipande cha tiketi ulichobaki nacho kinakurudisha uwanjani siku nyingine bila kulipa. Kipande kinachobaki. Nimeona sasa kwa Karani kwamba ni kishina kilekile. Tiketi ya koti mgahawani nayo vilevile, unaacha koti, unabaki na kipande. Na begi langu la dagaa lilipokwenda chini nilipewa kipande. Kwa hiyo begi lili-"checkiwa" kwa sababu ya kile kipande, si kwa sababu ya kukaguliwa. Karani nisahihishe.

#40 Karani Mstaafu
Sina la kusahihisha, nakaa chini. Naongeza tu: kabla ya karatasi hazina ya Uingereza ilitumia vijiti. Wanachonga alama za kiasi, pana kwa kiasi kikubwa, nyembamba kwa kidogo, halafu wanakipasua kijiti katikati kwa urefu. Nusu kwako, nusu kwao. Siku ya hesabu mnazikutanisha, alama zisipolingana mmoja wenu ni mwizi. Walitumia vijiti hivyo karne na karne. Mwaka 1834 wakaamua kuchoma vile vya zamani kwenye tanuri za chini ya jengo la Bunge pale London, moto ukawashinda, tarehe 16 Oktoba jengo karibu lote likaungua.

#41 Siti ya Dirishani
Bunge limeungua kwa sababu ya risiti za zamani?! Na mimi ninazo gunia zima za mashine ya EFD.

#42 Binti wa Kisutu
Wakati tupo kwenye vipande na nakala: kontro namba. "Control" nayo ilianza hivyohivyo, kwa Kifaransa cha zamani contrerolle, daftari la pili linaloandikwa sambamba na la kwanza ili kulikagulia. Kwa hiyo Ticha, cheki namba yako na kontro namba uliyolipia ada ni binamu wa kazi, wote wawili ni walinzi wa kitabu. Hiyo ya salari slipu nadhani ndiyo inayokukagua wewe: upo, si mtumishi hewa.

#43 Ticha wa Zamu
Miaka kumi na sita nakaguliwa na mfalme wa Uajemi. Sawa.

#44 Mama Wawili
Naomba niulize kwa wenye sarufi. Wifi yangu kaniandikia meseji "kaka yako siku hizi hacheki kabisa". Nikaogopa, nikampigia kaka, nikamuuliza una msongo wa mawazo? Nikamwambia asali, atoke atembee. Kumbe wifi alimaanisha hacheki tamthilia tena, wameuza king'amuzi. Sasa cheka na cheki zikikataliwa zote ni "hacheki". Tutafanyaje?

#45 Kilele cha Uluguru
Hapo Kiswahili kimejifunga bao. Cheka ikikataliwa inageuza a kuwa i: hacheki. Cheki ni ya kuazima, haigeuki, kama kusamehe na kujibu: hacheki. Dawa ni kusema haangalii.

#46 Nai Mtaa wa Pili
Dawa ni kurudisha king'amuzi.

#47 Muscat Express
Na Jamhuri ya Cheki?

#48 Mvita Halisi
Hao hawamo, ni watu na jina lao la Kislavoni. Ila huwezi kuandika "Mcheki" mtandaoni bila mtu kuuliza nimcheki nani.

#49 Pemba Kwetu
Mimi nina swali la nyumba ya waziri mkuu wa Uingereza, ile ya mashambani, Chequers. Hiyo si ya hundi?

#50 Karani Mstaafu
Hapo kuna makundi mawili. Wengine wanasema karne ya 12 aliishi mwenye shamba aliyekuwa bawabu wa ile meza ya hazina, kwa hiyo jina ni la meza. Wengine wanasema ni miti: kuna mti Waingereza wanauita "chequer tree" na uliota pale. Nyumba yenyewe mwenye nayo, Arthur Lee, aliitoa kwa taifa, sheria yake ya 1917, mawaziri wakuu wakaanza kuitumia 1921.

#51 Pemba Kwetu
Na mti uliitwa hivyo kwa nini?

#52 Karani Mstaafu
Wengine wanasema gome lake hupasuka vyumbavyumba kama ubao.

#53 Pemba Kwetu
Basi tumerudi kwenye sataranji. Ukitoka mlangoni unarudi dirishani.

#54 Kilele cha Uluguru
Nilitaka kuuliza chekibobu, yule kijana wa suruali ya kubana na manukato ya kukopa. Ni cheki "bob", yaani mtazame Bob? Au ni shilingi? Wazee wa Kenya shilingi wanaiita bob.

#55 Nai Mtaa wa Pili
Bob ni shilingi hadi leo. Cheki bob, angalia pesa. Inaingia.

#56 Gereji ya Kona
Machekibobu ninaowajua mimi hawana hata shilingi. Hiyo nadharia imekufa.

#57 Minnesota Baridi
Moja la mwisho kabla zamu haijaisha. Alama hii ✓ huku nayo ni "check". Fomu ya hospitali imeandikwa "check all that apply", yaani weka alama kwenye yote yanayokuhusu. Mke wangu amesoma orodha yote ya magonjwa kwa makini, ameikagua yote, akarudisha fomu nyeupe. Nesi akajua tuna afya ya ajabu.

#58 Mama Wawili
Sisi hiyo ni alama ya vema, ya kura. Hivi kweli tumewashinda: sisi tumeipa jina la kinachomaanisha.

#59 Siti ya Dirishani
Nai wanasema tiki.

#60 Ticha wa Zamu
Nimemsomea mtoto kuanzia #3 mpaka Bunge kuungua. Akasikiliza vizuri kabisa. Halafu akaniuliza: "Kwa hiyo baba, kwenye sentensi ya nne niandike nini?" Nikamwambia andika shaha. Leo amerudi, mwalimu wake ameweka kosa, anasema jibu ni "angalia".

#61 Shaha wa Raskazone
Nipe namba ya huyo mwalimu.

#62 Mvita Halisi
Cheki namba au ya simu?

#63 Gereji ya Kona
Wakati mnatafuta, wenye taa ya injini inayowaka tangu Pasaka nichekini inbox. Kupima ni bure, ila msije na droo.